Kifafa cha watu wazima: Tiba, utafiti na mafunzo katika hospitali ya Queen Square

Kifafa ni maradhi ya ubongo, wala si pepo, laana au uchawi. Hutokea pale seli za ubongo zinapotoa umeme kwa ghafla na kwa wingi kupita kiasi. Mtu hupoteza fahamu akaanguka na kutetemeka viungo, au hubaki ameduwaa kwa muda mfupi asijue alipo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wanaishi na maradhi haya. Karibu asilimia 80 yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani, Kenya ikiwa miongoni mwazo.

Wengi hudhani kwamba kifafa ni ugonjwa wa utotoni. La hasha! Unaweza kumpata mtu katika umri wowote, hususan baada ya ajali ya kichwa, kiharusi, uvimbe wa ubongo au maambukizi. Na kwa mtu mzima madhara yake hayaishii mwilini. Kazi, ndoa, leseni ya gari na heshima mbele ya majirani, vyote huwa hatarini.

Miongoni mwa hospitali zilizotangulia kuwashughulikia watu wazima wenye kifafa ni Hospitali ya Kitaifa ya Neva na Upasuaji wa Neva iliyoko Queen Square, jijini London, Uingereza.

Asili ya hospitali

Hospitali hiyo iliasisiwa mwaka wa 1859 kwa juhudi za ndugu wa ukoo wa Chandler, waliokuwa wamemuuguza nyanya yao aliyepooza. Ilifungua milango mwaka uliofuata ikiwa na vitanda vinane pekee, ili kuwapokea watu waliopooza na wenye kifafa, ambao hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa na nafasi nao.

Daktari John Hughlings Jackson alijiunga nayo mwaka wa 1862. Kwa kuwachunguza wagonjwa wake kwa makini, aliona kwamba mtikisiko ulioanza kidoleni ukapanda mkononi ulikuwa na maana: sehemu fulani ya ubongo ndiyo iliyokuwa na hitilafu. Mnamo 1873 alieleza kuwa kifafa ni mlipuko wa ghafla na wa kupita kiasi katika seli za ubongo. Maelezo hayo ndiyo msingi wa elimu ya kifafa hadi leo.

Mnamo Mei 25, 1886, daktari Victor Horsley alimpasua ubongo kijana wa miaka 22 aliyekuwa ameumia fuvu utotoni. Aliliondoa kovu lililokuwa chanzo cha kifafa, na kijana huyo akapata nafuu.

Hata hivyo, dawa na kisu havikutosha. Waajiri waliwakataa wenye kifafa. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1894 wahisani, wakiwemo madaktari wa Queen Square, walianzisha makao ya Chalfont, nje ya London, ili wagonjwa wapate makazi na kazi za shamba. Baadaye mahali hapo pakawa pia kituo cha uchunguzi na utafiti kwa ushirikiano na hospitali hiyo.

Jinsi mgonjwa anavyohudumiwa

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba maradhi yenyewe ni kifafa. Si kila anayeanguka ana kifafa. Wengine huzimia kwa ajili ya moyo au kushuka kwa shinikizo la damu, na wengine huwa na mishtuko inayotokana na dhiki ya nafsi. Kumpa mtu wa namna hiyo dawa za kifafa ni kumtwika madhara ya dawa bila ya faida.

Kwa hivyo, daktari humsikiliza mgonjwa pamoja na mtu aliyemshuhudia akianguka. Kisha hufuata kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo, na picha za MRI. Penye shaka, mgonjwa hulazwa kwa siku kadhaa akiwa amebandikwa nyaya kichwani huku kamera ikimtazama usiku na mchana, ili mshtuko ukimjia uonekane na umeme wake usomwe kwa wakati mmoja.

Takriban thuluthi mbili ya wagonjwa huweza kudhibitiwa kwa dawa. Waliosalia huchunguzwa iwapo upasuaji utawafaa. Uamuzi huo haufanywi na daktari mmoja. Mabingwa wa neva, wapasuaji, wataalamu wa picha na wa saikolojia huketi pamoja, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoondolewa inaweza kuwa karibu na ile ya kumbukumbu au ya lugha.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 uliwafuatilia watu wazima 615 waliopasuliwa katika hospitali hiyo. Baada ya miaka mitano, takriban nusu yao hawakuwa wamepatwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu. Hayo ni matokeo makubwa kwa watu ambao dawa zilikuwa zimewashinda, ingawa yanaonyesha pia kwamba kisu si ahadi kwa kila mtu.

Wanawake wanahitaji uangalifu wa pekee. Dawa ya valproeti ikitumiwa wakati wa ujauzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za mwili. Hata hivyo, mama asiache dawa ghafla, kwani mishtuko nayo yaweza kumuua. Yapasa azungumze na daktari mapema, kabla ya kushika mimba.

Mafunzo na uhusiano na Kenya

Taasisi ya Neva ya Queen Square ilianzishwa mwaka wa 1950, na tangu 1997 imekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, UCL. Madaktari kutoka mataifa mengi husomea humo, wakijifunza kando ya vitanda vya wagonjwa na katika maabara.

Matunda ya elimu hiyo yamefika hadi kwetu. Watafiti kutoka Queen Square walishirikiana na Wakenya katika utafiti uliofanyiwa eneo la Nakuru na kuchapishwa mwaka wa 1991. Wagonjwa wapatao 300 walipewa ama fenobabitali, dawa ya bei nafuu, ama kabamazepini, kupitia wahudumu wa afya wa mashinani. Kati ya waliomaliza mwaka mzima, zaidi ya nusu hawakupata mshtuko wowote katika miezi sita ya mwisho. Dawa hizo mbili zilikaribiana kwa nguvu.

Funzo la Nakuru ni wazi. Mgonjwa wa kijijini hahitaji kusafiri hadi London. Anahitaji mhudumu aliyefunzwa na dawa isiyokatika. Lakini uchunguzi uliofanywa Kilifi ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba ipasavyo. Hilo ndilo pengo linalogharimu maisha.

Wala tusidhani kwamba unyanyapaa ni wa Afrika pekee. Nchini Uingereza kwenyewe, sheria iliruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa hadi mwaka wa 1971.

Ukimwona mtu akishikwa na kifafa

Mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza na umwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimzuie kwa nguvu, wala usimtie kijiko au kidole kinywani. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu ili apumue vyema, na ukae naye hadi fahamu zimrudie.

Tazama saa. Mtikisiko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitalini. Kumgusa hakukuambukizi, kwa maana kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Aliyemwacha barabarani kwa hofu hiyo amemwacha bure.