Sauti Kabla ya Jina

Mji wa Mbalizi umekaa kati ya safu mbili: milima ya Mbeya upande wa kaskazini, na upande wa kusini Umalila na Uporoto. Kwenye kingo za misitu ya huko, penye vichaka na magugu marefu, hukaa kijindege cha mgongo wa kahawia na tumbo la kijivu, ambacho jicho laweza kukitazama kutwa lisithubutu kukitaja jina. Wataalamu humwita Cisticola nigriloris.

Jina hilo alipewa mwaka 1897 na Kapteni George Ernest Shelley, Mwingereza aliyeandika habari za ndege wa Nyasa kwa ngozi alizoletewa. Wapenzi wa ushairi watalitambua jina la ukoo. Naam, kapteni huyu alikuwa mwana wa nduguye Percy Bysshe Shelley, mshairi aliyefariki mwaka 1822. Ami, katika utungo wake mashuhuri wa mwaka 1820, alimsifu kipozamataza aliyekwisha kupaa hata haonekani, imebaki sauti tupu. Mwana wa nduguye alikuwa na ndege mkononi, kimya, amejazwa pamba. Akaona weusi baina ya jicho na mdomo, akamwita kwa weusi huo.

Kwa ndege wengine ingetosha. Lakini jamii ya sistikola ina takriban aina 50, karibu zote za Afrika, na zikilazwa mezani zafanana kama punje za mtama. Aliyezipambanua ni Admirali Hubert Lynes wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye baada ya ubaharia alizunguka Afrika akisikiliza. Mwaka 1930 alitoa uchunguzi wake mkubwa, ambamo wimbo, namna ya kuruka na ufumaji wa kiota vilihesabiwa pamoja na manyoya. Mwaka 1933 akampa ndege mwingine wa nyanda hizi jina la njombe, kwa mji wa Njombe.

Tofauti ya hao wawili yasikika wazi. Njombe hutetemesha sauti kavu ya mfululizo. Nigriloris haimbi peke yake: wawili au watatu husimama karibu karibu na kupokezana kwa sauti nyembamba, kama roda kavu ya jahazi inayopandisha tanga. Mtu wa pwani hahitaji darubini hapo.

Linalonisumbua ni jingine. Katika majina haya mawili, moja ni rangi ya uso na la pili ni mji. Wenyeji waliozisikia sauti hizo tangu utotoni hawamo. Kingo za misitu zimelimwa viazi na pareto, na vijana wengi wa Umalila wameteremkia barabara kuu. Atakayelitaka jina la Kisafwa au la Kimalila apande na kinasa sauti, awasikilizishe wazee, kisha anyamaze angoje watakavyosema.