Umri wa Meli na Hesabu ya Abiria



Huenda mtu wa Lumuma akauliza habari za meli zinatuhusu nini sisi wa bonde la vitunguu, tusio na ziwa wala bahari. Hata hivyo, mojawapo ya meli kongwe kabisa za nchi hii ilipita wilayani mwetu, tena ikiwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa Reli ya Kati kupitia Kilosa hadi Kigoma. Mwaka 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe; lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi nene, kwa kuwa walitumaini kuitwaa tena. Walioiopoa ni Waingereza, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Mvuke uliipisha dizeli katika miaka ya 1970.

Tumeikumbuka Liemba kwa sababu kila Serikali inapozindua chombo kipya, chenye injini zisizotoa moshi mwingi, husikika watu wakisema kwamba ajali sasa zimekwisha, maana vikuukuu vimeondoka. Historia haisemi hivyo. MV Bukoba iliundwa mwaka 1979. Ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa na miaka 17 tu. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na takwimu rasmi zinataja waliokufa kuwa zaidi ya 800.

MV Nyerere ilikuwa changa zaidi. Iliundwa mwaka 2004 ili kuwavusha watu wa Ukara na Ukerewe, na uwezo wake ulikuwa abiria 101. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio huko Bugolora. Kivuko kiliondoka kimejaa watu, mahindi na bidhaa, kikapinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya. Walikufa watu 228. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili, akiwa amebaki penye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Baadhi ya marehemu walizikwa papo hapo Bwisya, katika kaburi la pamoja.

Wakati huohuo MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya.

Hatusemi kwamba vyombo vipya ni kazi bure. Sisi wa Kilosa, tunaoona treni ya umeme ikipita tangu mwaka 2024, tungekuwa watu wa mwisho kusema hivyo. Ukara nao walipata kivuko kipya cha abiria 300, kilichoundwa Mwanza, na MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imeundwa kwa abiria 1,200. Ila watu wa Ukara hawakujazana kwa kupenda hatari. Walijua kwamba anayeachwa gatini hana chombo kingine cha kumfikisha nyumbani jioni ile. Basi abiria wa 1,201 akifika na gunia lake na mtoto mgonjwa mgongoni, karani atamwambia asubiri chombo cha saa ngapi?