Dawa ya Urijali na Nuksani Zake

Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa natija ya jaribio moja ambalo, kwa rai yangu, kila mwanamume atamaniye testosteroni angefaa kusimuliwa kabla sindano haijamgusa. Wanaume 271 wenye siha walidungwa miligramu 200 za testosteroni enanthati kila juma, wala makusudi hayakuwa kuwaongezea nguvu, bali kutafuta njia ya wanaume kupanga uzazi. 157 miongoni mwao walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja katika manii, kisha katika muda wa mwaka ambao wao na wake zao walitegemea sindano hiyo peke yake, ilitungwa mimba moja tu. Dawa isifiwayo kuwa ndiyo kiini cha urijali ilikuwa, mikononi mwa wanazuoni wa tiba, dawa ya kuzuia uzazi.

Sababu yake si fumbo. Ubongo, kwa njia ya tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake, huzipelekea korodani amri mbili, moja ya kutengeneza testosteroni na ya pili ya kukuza mbegu. Na mithili ya mwangalizi wa ghala asiyeuliza shehena imetoka bandari gani, uonapo damu imejaa homoni hukoma kuagiza, pasipo kupambanua iliyozaliwa mwilini na iliyotoka katika chupa. Korodani zisizoamriwa husinyaa. Na kwa kuwa mbegu huhitaji ndani ya korodani zenyewe testosteroni nyingi mno kuliko iliyomo katika damu, kuizidisha katika damu hakuzifai kitu. Sehemu ya ile ya ziada hugeuzwa kuwa estrojeni, ndiyo maana kijana aliyetafuta kifua kipana huweza kuota matiti. Haya tuyaitayo madhara, basi, aghalabu ni tendo lile lile lililoleta nguvu, likitendeka mahali pengine.

Nalisisitiza hilo kwa sababu waganga wenyewe hawakosi lawama. Mwaka 1977 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilitamka kwamba hapana ithibati ya kutosha kuwa steroidi za kujenga misuli, yaani testosteroni na jamaa zake, humzidishia nguvu mtu mwenye afya, hali wanyanyuaji wa vyuma walikwisha kuona kinyume chake kwa macho yao. Jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilimaliza ubishi: wanaume waliopewa miligramu 600 za testosteroni kila juma kwa majuma 10 waliongezeka misuli hata wale wasiofanya mazoezi. Lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika, na mtu aliyedanganywa kuhusu faida ataaminije akionywa kuhusu hasara?

Hasara hizo huzidi kwa kadiri dozi inavyozidi, na watumiaji wa jimu huchukua maradufu ya kile apewacho mgonjwa, tena kwa kuchanganya aina kadha wa kadha. Steroidi nyingi za kumeza, kama stanozololi iliyomnyang'anya Ben Johnson wa Kanada nishani ya dhahabu huko Seoul mwaka 1988, zimebadilishwa umbile ili ini lisiziharibu upesi. Badiliko hilo hilo hulielemea ini na kushusha kolesteroli iliyo njema, huku ukuta wa moyo ukinenepa. Mtumiaji akiacha ghafla, homoni ya chupa imekwisha na ya mwili haijaamka: ashiki hupotea, huzuni humfunika, na wengi huirudia sindano kwa kukimbia hali hiyo tu. Huo nao ni uraibu, japo jamii haijauita hivyo.

Kwa mgonjwa wa kweli hukumu yangu ni nyingine. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliowahusu wanaume zaidi ya 5,200 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, ambao mioyo yao ilikuwa hatarini, ulionyesha kwamba jeli ya testosteroni haikuzidisha mishtuko ya moyo wala kiharusi kuliko jeli tupu. Illa mapigo ya moyo yasiyo na mpango, madhara ya figo na mgando wa damu katika mapafu yalionekana zaidi. Ambaye korodani au pituitari yake imeharibika na atibiwe pasipo haya, madhali upungufu umethibitishwa kwa vipimo viwili vya asubuhi, na damu yake ikaguliwe, kwani dawa huongeza chembe nyekundu, na sehemu yake ikipita asilimia 54 ya damu dozi husimamishwa. Uchovu wa uzee, unene na usingizi haba si upungufu huo.

Na kabla ya yote tabibu amwulize mgonjwa kama angali anataka watoto. Akijibu ndiyo, asimwandikie testosteroni. Zipo dawa za jamii ya gonadotropini ambazo huziamsha korodani badala ya kuzilaza.