Mwenye Programu ni Nani?

Kila chombo kina watu wawili, aliyekifanya na anayekitumia. Katika vyombo vya zamani mtu wa pili hakuwa chini ya amri ya mtu wa kwanza baada ya bei kulipwa. Seremala aliyenunua tezo aliweza kuinoa, kuitia mpini mpya au kumwazima jirani, na mhunzi aliyeifua hakuwa na neno juu yake. Kompyuta imeleta chombo cha namna nyingine kiitwacho programu. Programu haishikiki kwa mkono, wala haipungui kwa kugawanywa. Mtu akimpa mwenziwe nakala, yake hubaki kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo limezuka swali ambalo tezo haikulileta: mtu akiisha kulipa bei ya programu amenunua nini, chombo chenyewe au ruhusa tu ya kukitumia? Insha hii yaeleza jinsi swali hilo lilivyozaliwa, jinsi watu wenye akili walivyogawanyika juu yake, na kwa nini jibu lake latuhusu sisi pia.

Kwanza yafaa msomaji afahamu jinsi programu inavyofanyizwa. Mtaalamu huandika maagizo kwa lugha maalumu ambayo mtu aliyefundishwa aweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja ambao mashine huufuata, lakini binadamu hawezi kuusoma ila kwa taabu kubwa. Mwenye msimbo chanzo aweza kuona programu inafanya nini, kuitengeneza ikiharibika, na kuiongezea lililopungua. Asiye nao hana ila kuomba. Programu ambayo mwenyewe huuficha msimbo wake, au huwakataza wengine kuubadili, huitwa programu ya milki. Ile ambayo msimbo wake uko wazi, na kila mtu ana idhini ya kuusoma, kuubadili na kuugawa, huitwa programu huria. Neno huria lahusu uhuru wa mtumiaji, wala si bei. Programu huria yaweza kuuzwa, na programu ya milki yaweza kutolewa bure.

Watu wengi hudhani kwamba kuficha ndiko kulikotangulia, na kwamba uwazi ni jambo la juzi. Historia yasema kinyume. Katika miaka ya 1950 kompyuta zilikuwa mitambo mikubwa ya kujaza chumba kizima, na thamani yote ilihesabiwa kuwa katika chuma. Programu zilifuatana na mtambo kama ufunguo unavyofuatana na kufuli. Mwaka 1955 wateja wa kampuni ya IBM huko California, Marekani, waliunda chama wakakiita SHARE, neno ambalo maana yake ni kushirikiana. Wanachama walipeana programu walizoziandika wenyewe ili mtu asirudie kazi ambayo mwenziwe ameimaliza. Hakuna aliyeona kuwa ameibiwa.

Mambo yaligeuka mwaka 1969. Januari ya mwaka huo serikali ya Marekani iliishitaki IBM kwa kuhodhi biashara ya kompyuta. Mwezi wa Juni kampuni hiyo ilitangaza kwamba sehemu ya programu na huduma zake zitauzwa mbali na mitambo. Kilichokuwa nyongeza kikawa bidhaa. Jambo hilo halikuwa baya lote, maana liliwafungulia mlango watu wasio na uwezo wa kujenga mitambo, lakini wenye akili ya kuandika programu. Walakini bidhaa ina mwenyewe, na mwenye bidhaa huanza kufikiri juu ya kitasa.

Miongoni mwa walioingia katika mlango huo alikuwa kijana Bill Gates, ambaye pamoja na rafiki yake Paul Allen alianzisha kampuni ya Microsoft mwaka 1975. Programu yao ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya kompyuta ndogo iliyoitwa Altair. Wapenzi wa kompyuta hiyo waliizoea desturi ya zamani ya kupeana, wakanakiliana programu hiyo pasipo kulipa. Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi. Alidai kwamba gharama ya muda wa kompyuta walioutumia katika kazi hiyo ilipita dola 40,000, kwamba wenye Altair walioinunua programu yao hawakufikia mmoja katika kila kumi, na kwamba faida yao ilikuwa chini ya dola mbili kwa saa. Aliuliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu kwa ujira wa hewa. Swali hilo ni la haki, na kila atakayeamua mjadala huu lazima alijibu. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini, nao hawakusema kwamba jua liwe la mmoja na kivuli kiwe cha wengine. Mwaka 1980 sheria ya Marekani iliandika wazi kwamba programu hulindwa kwa hakimiliki, sawa na kitabu.

Upande wa pili ulipata mtetezi wake katika maabara ya chuo kiitwacho MIT, katika jimbo la Massachusetts. Huko alifanya kazi Richard Stallman. Maabara ilikuwa na mashine ya kupiga chapa ambayo karatasi zilikwama ndani yake mara kwa mara. Stallman aliuongezea msimbo wake maagizo ya kuwapasha watumiaji habari kila karatasi zilipokwama, na taabu ikapungua. Karibu na mwaka 1980 maabara ilipewa na kampuni ya Xerox mashine mpya, iliyo bora kuliko ile, lakini nayo ilikwama. Safari hii msimbo chanzo haukuwapo. Stallman alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, maana mtu huyo alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutoutoa. Karatasi ziliendelea kukwama, na mtu aliyejua kuziondolea kikwazo alisimama kando mikono mitupu.

Jambo lilikuwa dogo, lakini Stallman aliona ndani yake jambo kubwa. Ikiwa fundi mwenye ujuzi hukatazwa kutengeneza kilichoharibika mbele yake, basi ujuzi wake umekuwa mateka. Septemba 1983 alitangaza nia ya kuandika mfumo mzima wa programu zitakazokuwa huria, akauita GNU. Mwaka 1985 alianzisha shirika la kuutetea, na mwaka 1989 akatoa leseni iliyo maarufu kwa herufi GPL. Leseni hiyo ilitumia sheria ile ile ya hakimiliki kwa shabaha iliyo kinyume. Yamruhusu kila mtu kuitumia programu, kuibadili na kuigawa, kwa sharti moja kuu: anayewagawia wengine programu aliyoibadili awape pia msimbo wake, na idhini ile ile aliyopewa yeye. Aliyekunywa kisimani asikifunike.

Mfumo wa GNU ulikuwa karibu kutimia, ila sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha mtambo ilikuwa haijawa tayari. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, mwenye umri wa miaka 21, aliwatangazia watu kwa njia ya mtandao kwamba anaandika programu ya namna hiyo kwa kujifurahisha. Iliitwa Linux, na mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GPL. Watu wasiopata kuonana naye walianza kumletea masahihisho kutoka nchi mbalimbali. Kazi iliyoanza kama mchezo wa kijana mmoja ikawa kazi ya maelfu. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazohesabiwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zimeendeshwa na Linux, nayo imo pia ndani ya kila simu inayotumia Android.

Mwaka 1998 mashindano yalikuwa makali. Januari kampuni ya Netscape, iliyokuwa ikilemewa na Microsoft, ilitangaza kuufungua msimbo wa programu yake ya kusomea kurasa za intaneti. Mwezi uliofuata baadhi ya watetezi wa uwazi walichagua jina jipya lisilowatisha wafanyabiashara. Badala ya kusema habari ya uhuru walisema habari ya msimbo ulio wazi na ubora unaotokana nao. Stallman hakukubali, maana aliona kwamba anayesifu faida na kunyamazia haki ameacha nusu ya maneno. Mwezi wa Mei serikali ya Marekani ikaishitaki Microsoft kwa kuhodhi soko. Mwaka 2000 hakimu aliamuru kampuni hiyo igawanywe. Mwaka 2001 mahakama ya rufani iliibatilisha amri hiyo, na kesi ikaelekea suluhu. Mwaka huo huo mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani, akidai kwamba leseni yake huambukiza kila inachokigusa.

Miaka 17 baadaye, mwaka 2018, Microsoft hiyo hiyo ilinunua kwa dola bilioni 7.5 kampuni ya GitHub, ambayo ndiyo ghala kubwa la programu huria ulimwenguni. Mwaka 2019 IBM ilinunua Red Hat, kampuni iliyotajirika kwa kuhudumia wateja wa Linux, kwa dola bilioni 34. Msomaji aweza kudhani kwamba uhuria umeshinda. Kwa sehemu ni kweli, lakini ushindi huo una doa. Makampuni makubwa hujenga huduma zao juu ya programu huria, kisha huduma zenyewe hufungiwa katika mitambo yao, mahali ambapo mtumiaji hana msimbo wa kusoma wala chombo cha kufungua.

Uhuria wenyewe nao una udhaifu wake, na haki yataka usifichwe. Aprili 2014 kasoro mbaya iligunduliwa katika programu huria iitwayo OpenSSL, ambayo hulinda siri za watu wanaponunua vitu au kufanya kazi za benki katika intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo muda wa miaka miwili, ingawa msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Ndipo ulimwengu ulipojua kwamba programu iliyotegemewa na makampuni yenye mabilioni ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa siku zote, na kwamba sadaka zake zilikuwa kiasi cha dola 2,000 kwa mwaka. Mlango ulikuwa wazi, lakini kila mpita njia alidhani kwamba mwingine ameingia kuangalia. Swali la Gates la mwaka 1976 lilirudi, na safari hii liliwarudia matajiri waliokuwa wakila pasipo kulima.

Katika nchi yetu pande zote mbili zimetuhudumia. Mapema mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache walitengeneza kwa siku chache programu ya kukusanya habari za ghasia kutoka kwa raia na kuzionyesha katika ramani. Waliiita Ushahidi, wakauacha msimbo wake wazi. Mwaka 2010, tetemeko la ardhi lilipoiangamiza Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, programu hiyo ilitumika kuonyesha mahali penye watu waliohitaji msaada. Kadhalika Eldoret ilikuwa, mwaka 2006, mahali pa kwanza pa kutumia programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iitwayo OpenMRS, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, nao hawakuhitaji kumsihi mtu, maana msimbo ulikuwa mikononi mwao.

Kwa upande wa pili ipo M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Ni programu ya milki, na hapana mtu mwenye haki awezaye kukana kwamba imewafaa Wakenya mamilioni. Lakini mitambo iliyotunza hesabu hizo ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, na ilikuwa mwaka 2020 ndipo Safaricom, pamoja na Vodacom ya Afrika Kusini, ilipolinunua jina la M-Pesa na kazi ya kuiendeleza kutoka kwa Vodafone ya Uingereza. Muda wa miaka 13 mfuko wa taifa zima ulikuwa na mshonaji wa ng'ambo. Mshonaji alikuwa hodari, na uzi haukukatika. Hata hivyo mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hekima haingoji uzi ukatike.

Basi tuhukumu vipi? Si kweli kwamba kila anayeficha msimbo wake ni mnyang'anyi, wala si kweli kwamba kila anayeufungua ni mtakatifu. Aliyefanya kazi ana haki ya ujira, na anayetumia ana haki ya kujua chombo chake kinamtendea nini. Haki hizi mbili zaweza kukaa pamoja, lakini zikigongana katika mambo ambayo maisha ya umma yanayategemea, kama vile daftari za hospitali, hesabu za kura na hazina ya serikali, haki ya anayetumia hustahili kutangulia. Kabla ya kupokea chombo cha namna hiyo taifa na lijiulize: je, twaweza kukisoma? Twaweza kukitengeneza? Tukitaka kukiacha, twaweza kuondoka na mali yetu?

Lakini maswali hayo yana swali jingine nyuma yake, nalo ni la vijana wa shule kuliko la mawaziri. Msimbo ulio wazi mbele ya taifa lisilojua kuusoma ni sawa na kitabu kilichofunguliwa mbele ya kipofu. Stallman alinyimwa msimbo ambao angeweza kuutengeneza. Dhuluma ilikuwa ya mwingine. Sisi tumepewa misimbo mingi ambayo hakuna aliyetunyima, na tusipojifunza kuisoma, hatutakuwa na wa kumlaumu.