Kituo cha reli ambacho Garissa haijawahi kuwa nacho

KITUO cha reli kilichoachwa humkumbusha mtu enzi iliyopita: jukwaa lililoota nyasi, dirisha la tiketi lililofungwa na ubao ambao jina lake limefifia. Kenya ina vituo vingi vya aina hiyo. Hata hivyo, katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo hadi mwaka 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, hakuna hata gofu la kituo. Hakuna garimoshi lililowahi kupita huko.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Ni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa kwa zaidi ya karne moja, na athari zake zinaonekana hadi leo katika bei ya unga dukani na bei ya ng'ombe sokoni.

Reli iliyoelekea magharibi

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Ulifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwezi Desemba 1901. Shabaha ya Waingereza haikuwa nchi iliyo kati ya bahari na ziwa, bali Uganda na chanzo cha Mto Nile. Kwa hivyo reli ilishika njia ya kuelekea Ziwa Victoria, na maeneo yaliyokuwa kaskazini mwa Mto Tana yakabaki pembeni.

Matawi yaliyofuata yalijengwa kwa ajili ya mazao na mashamba ya walowezi. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafika Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Matawi mengine yalikwenda Magadi, Kitale na Nyahururu. Thika na Nanyuki ndizo zilizokuwa stesheni za mwisho kwa msafiri aliyekuwa akielekea kaskazini. Kutoka hapo, safari iliendelea kwa ngamia, kwa miguu na baadaye kwa lori.

Wakati huo huo, serikali ya kikoloni ililitawala eneo la kaskazini kwa sheria zake maalumu. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni ilimzuia mgeni kuingia bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa maofisa wa utawala mamlaka makubwa ya kuamua wenyeji wangehamia wapi na wangechungia wapi. Kwa Waingereza, eneo hilo lilikuwa kinga ya mpaka dhidi ya Ethiopia na Somalia ya Kiitaliano, wala si mahali pa kutafuta faida.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu. Jamii nyingi za mashariki mwa Tana zilikuwa zikiitegemea bandari hiyo kama mlango wao wa bahari. Kuanzia hapo mlango huo ukawa katika nchi ya kigeni.

Upande wa pili wa mpaka, Waitaliano walijenga reli fupi ya kilomita 114 kati ya Mogadishu na mji ambao sasa unaitwa Jowhar, ili kusafirisha mazao ya mashamba yao. Reli hiyo haikudumu. Iling'olewa baada ya Waingereza kuiteka Somalia katika Vita Vikuu vya Pili.

Vita viwili, njia mbili

Historia ya vita inaonyesha kwamba reli ingeweza kujengwa upesi palipokuwa na sababu. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Uingereza lilianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuwakabili Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika. Reli hiyo ilipitia Maktau, ambako palikuwa na kambi kubwa ya kijeshi. Makaburi ya askari wa Kihindi waliouawa katika vita hivyo yangali yapo Maktau.

Mwezi Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishindwa katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kabla ya kusonga mbele mwezi uliofuata. Baadaye mwaka huo, reli ya Voi iliunganishwa huko Kahe na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi.

Vita vilipokwisha, Maktau ikawa stesheni ndogo ya mashambani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi peke yake mwaka 1978. Treni za njia hiyo ziliadimika, na stesheni zake zikakaa miaka mingi bila kazi. Stesheni iliyozaliwa na vita ilidhoofishwa na siasa.

Garissa nayo ilipata vita vyake, lakini haikupata reli. Mwezi Februari 1941 majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Alan Cunningham yalivuka kutoka eneo la Mto Tana na kuingia Somalia. Yaliteka Kismayu tarehe 14 na Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo. Safari hii maji, petroli, chakula na risasi vilibebwa na malori. Lori lilikuwa limethibitisha kwamba jeshi laweza kuvuka nyika bila mataruma, na hoja ya kijeshi ya kuleta reli ikafifia.

Uhuru na hesabu ya faida

Uhuru ulipokaribia, Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Ombi lao lilikataliwa, na mwaka 1963 likaundwa jimbo la Kaskazini Mashariki, Garissa ikiwa makao yake makuu. Vita vya Shifta vilifuata hadi mwaka 1967. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 iliacha sheria ambazo hazikuondolewa hadi mwaka 1991.

Katikati ya vita hivyo, serikali ilitoa waraka wake maarufu wa sera, Nambari 10 wa mwaka 1965. Waraka huo ulieleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingeleta faida kubwa zaidi: kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, umeme na usafiri.

Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili kwa Garissa. Usafiri ulikuwa sharti la kupewa fedha, na bila fedha usafiri usingepatikana. Wilaya zilizorithi reli ya mkoloni zilikuwa tayari na sifa iliyotakiwa. Zile zilizonyimwa reli zilihesabiwa kuwa hazifai kuwekezwa, kwa sababu ya upungufu ambao hazikuusababisha zenyewe.

Gharama kwa mfugaji

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Ng'ombe, mbuzi na ngamia hufika hapo kutoka pande zote, wakiwemo wa kutoka Somalia, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya kiko Athi River, mji ulio kando ya reli kuu, lakini mnyama wa Garissa hana njia ya reli ya kumfikisha huko. Nauli ya lori hutolewa katika bei anayolipwa mfugaji, na malori hayo yanaporudi na unga, sukari na saruji, nauli huongezwa katika bei anayolipa mnunuzi.

Gharama hiyo huwa kali zaidi Mto Tana unapofurika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na kuliacha eneo hilo likitegemea ndege, wakati ule ule ambapo homa ya Bonde la Ufa ilikuwa ikiua watu na mifugo Garissa. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliikata tena barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Wasafiri waliamua kuvuka maji kwa mashua, na moja ilipopinduka katika eneo la Madogo, watu kadhaa walifariki.

Ni kweli kwamba reli nayo husombwa na maji. Lakini mji wenye njia mbili huwa na pa kugeukia njia moja inapoharibika.

Ahadi ya LAPSSET

Matumaini mapya yalikuja na Ruwaza ya 2030. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET mjini Lamu. Mpango huo ulikuwa na bandari ya gati 32, barabara, bomba la mafuta, viwanja vya ndege na reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, kisha Sudan Kusini na Ethiopia. Kwa mara ya kwanza, Garissa ilionekana kwenye ramani ya taifa ikiwa na alama ya kituo.

Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na matatu ya kwanza yamekamilika. Kwa upande wa reli, fedha zilikwenda kwingine. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Bonde la Ufa. Mwaka 2020 njia kuukuu ya Thika hadi Nanyuki ilikarabatiwa, na stesheni kama Sagana, Karatina na Naro Moru zikaona treni baada ya kukaa miaka mingi kimya. Lakini kati ya Lamu na Garissa, hata taruma moja halikuwa limelazwa.

Kilichosonga mbele kaskazini ni barabara. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi unaohusu barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera. Barabara ya Lamu, Ijara na Garissa nayo ilianza kujengwa, ingawa mashambulizi ya kundi la al-Shabaab yalitatiza kazi.

Ardhi kabla ya mataruma

Kabla reli haijafika, lipo suala la ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa humilikiwa na jamii, si mtu mmoja mmoja. Sheria ya Ardhi za Jamii ya mwaka 2016 inazitaka jamii zijisajili ili zipate hati. Jamii isiyo na hati hulazimika kuitegemea kaunti iishike fidia yake kwa amana, na inaweza kuona njia za malisho na visima zikikatwa kabla haijajua ni nani aliyetia saini.

Wavuvi wa Lamu walikumbana na jambo linalofanana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza walipwe Sh1.76 bilioni kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari. Walishinda kwa sababu waliungana na kwenda mahakamani.

Aidha, kituo huishi kwa mzigo unaopakiwa. Nchini Ujerumani, vituo vingi vya vijijini vilifungwa watu walipohamia kwenye magari, na majengo yake mengi yakauzwa yakawa makazi. Maktau ilinyamaza biashara ya mpakani ilipokatika. Reli ya Garissa nayo itahitaji machinjio, vyumba vya baridi na masoko yatakayoipa mzigo wa kwenda na wa kurudi. Bila hayo, huenda mji huo ukapata kituo leo na gofu kesho.