Baiskeli Iliyobeba Kahawa ya Kihanga

Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Kihanga, Karagwe. Daftari langu liliandika jina la mkulima, kilo na malipo. Halikuwa na safu ya kuandika mzigo umefikaje, na jibu lingekuwa lile lile ukurasa baada ya ukurasa: kwa baiskeli.

Wasafiri Speke na Grant kutoka Uingereza walipofika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, mizigo yao ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Wazee wetu nao walijitwika hivyo hivyo, mpaka zilipokuja baiskeli za Raleigh za Uingereza, kisha Phoenix za China na Swala zilizoundwa na kiwanda cha NABICO, Dar es Salaam. Hapo mtu mmoja akaweza kupeleka magunia mawili ya kahawa iliyokaushwa na maganda yake kwa safari moja.

Kazi hiyo ilikuwa na ufundi wake. Gunia lilifungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Fimbo ilifungwa kwenye usukani ili msukumaji aiongoze baiskeli akitembea ubavuni. Mlimani waliikokota wawili. Kwenye mteremko, breki zikishindwa, mtu alikanyaga gurudumu la nyuma kwa kandambili mpaka soli ikatoa harufu ya kuungua. Vijana waliumia, na hakuna aliyewatengea hata ukingo wa barabara.

Bei ya Uganda ilipokuwa nzuri kuliko ya kwetu, baiskeli hizo hizo zilipita usiku na kahawa ya magendo kuelekea mpakani. Mchana zilibeba ndizi, madumu ya maji, na mgonjwa akishikiliwa mgongoni na nduguye. Lakini zilikuwa mali ya baba. Msichana akionekana juu ya tandiko alisemwa kijiji kizima, na mama aliendelea kubeba kuni kichwani huku baiskeli imeegemezwa ukutani.

Hata bodaboda, ambayo leo ni pikipiki, ilizaliwa kwa baiskeli, miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia. Kwetu kanuni za mwaka 2010 ziliipa pikipiki leseni ya kubeba abiria, na lami ikafika Bugene, wilayani kwetu, kutoka Kyaka. Nilifurahi, maana barabara nzuri ni uhai wa mkulima. Ila mwendo wa magari uliongezeka, na mwenye baiskeli akasukumwa mtaroni.

Wakati kwetu baiskeli ikisukumwa mtaroni, Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya baiskeli kwa siku tano inazitimiza, bila tone la petroli. Wazee wangu wa kahawa walizipata bila kuambiwa na daktari, ila walizipata kwa hatari.

Ndiyo maana sikubali baiskeli ihesabiwe kuwa alama ya umaskini. Ilijenga nyumba za bati na kulipa karo. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinapopanga barabara, zidai ukingo mpana wa baiskeli, hasa karibu na shule na masoko. Nasi wazazi tuwafundishe binti zetu kuendesha, wafike shule mapema na salama.