Wanyama Warukao katika Kitabu cha Picha cha Mwaka 1658

Kila mwalimu afundishaye watoto wadogo ajua ya kuwa mnyama arukaye ni mgumu kuonyeshwa kuliko yule atembeaye. Mbuzi aweza kufungwa mtini, watoto wakamtazama na kumgusa. Lakini mbayuwayu hupita mara moja akaenda zake, na popo hutoka saa ile watoto waitwapo ndani kulala. Kwa hiyo mara nyingi mtoto hupata jina kabla ya kukiona kitu chenyewe, na pamoja na jina hupokea maneno ya watu. Katika Kiswahili neno ndege lenyewe lina maana mbili: ni kiumbe mwenye mabawa na manyoya, tena ni ishara ya heri au ya shari. Na bundi, mtoto huogopa sauti yake miaka mingi kabla ya kumwona uso. Basi na tutazame jinsi mwalimu mmoja wa zamani alivyoishughulikia shida hii.

Mwalimu huyo ni Johann Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 katika nchi ya Moravia. Alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, ambao jamaa yao ya kiroho, Wamoravian, walifika Rungwe katika mwaka 1891. Maisha yake yalikuwa ya uhamisho. Tauni ilimwondolea mke na watoto wawili, na mwaka 1656 mji wa Leszno katika Poland ulipochomwa moto wakati wa vita, maandiko yake mengi yaliteketea. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 1658, kilitoka Nuremberg kitabu chake kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa mambo yatambulikanayo kwa fahamu za mwili, uliotiwa katika picha. Kilikuwa na sura 150, katika Kilatini na Kijerumani, na mwaka 1659 Charles Hoole alikitoa London kwa Kiingereza.

Shabaha yake ilikuwa moja: mtoto asipewe neno tupu. Katika kila picha vitu vilitiwa tarakimu ndogo, na tarakimu zizo hizo ziliandikwa kando ya maneno, ili jicho litoke kwenye neno liende kwenye kitu, kisha lirudi. Comenius aliruhusu watoto waziige picha kwa mikono yao. Tena alitamani kila shule kubwa iweke akiba ya vitu visivyopatikana upesi nyumbani, wanafunzi wapate kuvitazama. Wenyeji wa pwani husema, kusikia si kuona. Yeye aliligeuza neno la namna hii kuwa kanuni ya shule.

Na wanyama warukao aliwapa nafasi kubwa. Alfabeti yake yaanza kwa sauti ya kunguru, kwa kuwa mlio wake ni herufi A, nayo yaishia kwa pange, nzi aumaye ng'ombe, ambaye uvumi wake ni Z. Kati yao wamo bata, hudihudi na bundi. Hivyo bundi, ambaye watoto wa Ulaya nao walimwogopa, alikuwa mwalimu wa herufi U. Kilio chake hakikuwa tena habari ya mauti, bali somo la kusoma.

Baada ya alfabeti zafuata, pamoja na mengineyo, sura za ndege: wa nyumbani, waimbao, wa mashamba na misitu, walao nyama, na wa majini, kisha sura ya wadudu warukao. Humo nyuki afanya asali, nyigu auma kwa mwiba wake, na kipepeo aelezwa kuwa ni kiwavi aliyepata mabawa. Ni maneno machache, lakini mtoto aliyeyasikia aweza kwenda kumtafuta kiwavi mwenyewe na kungoja aone.

Hata hivyo limo kosa. Katika sura ya ndege wa nyumbani, pamoja na mbayuwayu na shomoro wazoeao kuruka kandokando ya nyumba, yumo popo. Miaka 100 kamili baadaye, mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden, katika chapa ya kumi ya kitabu chake cha viumbe, alimweka popo pamoja na wanyama wanyonyeshao, hata akamtia katika fungu moja na nyani na mwanadamu. Wataalamu wa baadaye walimtoa katika fungu hilo, wakampa fungu lake mwenyewe, lakini kati ya wanyonyeshao hakutoka.

Hapa mwalimu aweza kuulizwa na mwanafunzi: Je, Mambo ya Walawi sura ya 11 haimtaji popo mwishoni mwa orodha ya ndege? Naam, yamtaja. Lakini neno la Kiebrania lililotumika pale, of, maana yake ni kirukacho, nalo latumika katika sura iyo hiyo hata kwa wadudu wenye mabawa. Wazee wale waliwapanga viumbe kwa mwendo wao, si kwa maziwa wala kwa mifupa.

Kwa hiyo hatuna haja ya kumcheka Comenius. Kosa lake lasahihishwa kwa kanuni yake mwenyewe. Mwalimu na awatoe watoto jioni, wasimame mbali, maana popo hashikwi kwa mkono, kwa kuwa aweza kuwa na ugonjwa. Kisha awaonyeshe picha nzuri: hana manyoya ya ndege, ana nywele, hana mdomo wa ndege, ana meno na masikio, bawa lake ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu, naye huzaa na kunyonyesha. Watoto wenyewe watasema yeye si ndege.

Na bundi vivyo hivyo. Mtoto aliyejua kwamba yule aliaye juu ya paa ametoka kuwinda panya walao nafaka ya mama yake, huenda usiku akasikia sauti ile akalala. Hilo si jambo dogo kwa mtoto, wala si dogo kwa nyumba yenye mgonjwa, ambayo hapo kwanza ingalihesabu kilio kile kuwa hukumu.